Kutafuta Makasha Yaliyofichwa Hifadhini: Namna ya Kupanga Siku Moja ya Matembezi

Mchezo wa kutafuta makasha kwa GPS, unaojulikana pia kwa jina la jiokashi, una kanuni nyepesi: mtu huficha kasha mahali fulani, hutangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, na mwingine yeyote huenda kulitafuta, huandika jina lake katika daftari lililomo ndani, kisha hulirudisha palepale alipolikuta. Ulianza Mei 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 ya mwezi huo Marekani iliondoa hitilafu ya makusudi iliyokuwa ikitiwa katika mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na vifaa ambavyo jana yake vingeweza kukosea kwa makumi ya mita vikaanza kuonyesha mahali kwa tofauti ya mita chache tu. Tarehe 3, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake, na haikuchukua siku nyingi ikapatikana. Leo makasha ya namna hiyo yanahesabiwa kwa mamilioni, na mengi yamewekwa kandokando ya njia za miguu zenye mandhari ya kupendeza.

Anayeanza mara nyingi hufungua ramani ya makasha kwanza, kisha huyafuata moja baada ya jingine kama kuku afuataye punje za mtama. Jioni hujikuta amechoka kwa kuzunguka vichaka vilivyo jirani na maegesho ya magari, na maporomoko ya maji ambayo hifadhi inasifika kwayo hakuyafikia. Ushauri wangu ni kuchagua njia kwanza. Tazama ramani ya hifadhi, amua unataka kuona nini, iwe kilele, ziwa au msitu wa miti mikongwe, chora mzunguko utakaokurudisha ulikoanzia, kisha ndipo uangalie makasha yaliyo karibu na njia hiyo. Matano au sita yanatosha kwa siku nzima.

Muda uhesabiwe kwa karatasi na kalamu. Kanuni iliyowekwa na Mskoti William Naismith mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mpando wa jumla wa mita 450 itakuchukua saa 3 na dakika 9 za kutembea tu. Ukitenga dakika 20 kwa kila kasha na una makasha sita, ongeza saa 2. Ukiongeza chakula, mapumziko na kusimama kutazama mandhari, umefika saa 7 bila kulegea popote. Kwa hiyo anayeondoka saa 2 asubuhi atarudi saa 9 alasiri, na ni vyema aamue mapema kwamba ikifika saa 7 mchana, popote alipo, atashika njia ya kurudi, hata kama kasha linalofuata liko mita 200 mbele yake.

Soma pia masharti ya hifadhi yenyewe. Zipo hifadhi zisizoruhusu kabisa kasha kuachwa ndani ya mipaka yake, na zipo zinazokataza kutoka nje ya njia zilizowekwa alama. Katika sehemu kama hizo huenda ukakuta aina isiyo na kasha lolote, iliyoanza mwaka 2004: mtembezi huongozwa hadi kwenye mwamba, chemchemi au bonde lenye historia ya kijiolojia, huchunguza alichokiona, kisha hujibu maswali. Mimi huiweka walau moja katika kila safari, kwa sababu hunilazimisha kusimama na kuutazama mwamba ambao ningeupita bila kugeuza shingo.

Kila kasha lina maelezo yake, na maelezo hayo yasomwe nyumbani. Utakuta viwango viwili, kimoja cha ugumu wa kulipata na kingine cha ugumu wa ardhi, vyote vikianzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu. Ardhi ya 1 hufikika hata kwa kiti cha magurudumu. Ardhi ya 5 hudai vifaa maalumu kama kamba au mtumbwi. Ukubwa nao hutajwa: dogo kabisa halifikishi mililita 100, sawa na kikopo cha filamu ya kamera, ilhali la kawaida huanzia lita 1. Anayetafuta kikopo cha kidole gumba huku akilini ana picha ya ndoo atapoteza saa nzima. Halafu soma walichoandika waliotangulia. Ikiwa watatu wa mwisho wote wamesema hawakuliona, yawezekana halipo tena, na ni busara kuliacha.

Simu ya kisasa inatosha kwa kazi hii, ila ni lazima iandaliwe. GPS hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti zilizo takribani kilomita 20,200 juu ya dunia, na haihitaji mtandao wa simu. Kinachohitaji mtandao ni ramani. Pakua ramani ya eneo lote pamoja na maelezo ya makasha kabla ya kuondoka, zima utafutaji wa mtandao ukifika porini kwa kuwa ndio unaokula chaji, na beba betri ya akiba. Ramani ya karatasi na dira visikosekane.

Kuna kosa moja la namba linalostahili kuelezwa taratibu. Makasha huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, kwa mfano dakika 30.500. Hizo ni dakika 30 na nusu, yaani dakika 30 na sekunde 30. Anayezisoma kama dakika 30 na sekunde 50 amekosea kwa sekunde 20, na katika latitudo sekunde 20 ni zaidi ya mita 600. Atapekua mawe kwa bidii upande usio wake wa kilima, na simu itamwambia amefika.

Mkoba wenyewe ni ule wa matembezi ya kawaida: maji ya kutosha, ambayo kwa mwendo wa wastani ni kama nusu lita kwa kila saa, chakula, koti la mvua, filimbi, tochi na dawa za huduma ya kwanza. Ongeza penseli mbili, glavu, kibano cha kuchomolea karatasi iliyobanwa ndani ya kikopo, na mfuko wa kukusanyia takataka utakazokuta njiani.

Ukiwa njiani, kumbuka kwamba mshale wa simu huonyesha mstari ulionyooka na haujui korongo wala mto. Niliwahi kuutii mshale uliosema zimebaki mita 60, nikaacha njia, nikapenya vichakani, na mwisho nikasimama ukingoni mwa genge huku kasha likiwa ng'ambo ya pili. Njia niliyoiacha ilikuwa inazunguka na kufika hukohuko bila taabu. Tangu siku hiyo hubaki njiani mpaka umbali uache kupungua, kisha ndipo nitafute kijia kilichokwisha kukanyagwa na wengine.

Mita kumi za mwisho ndizo zenye utamu wote. Hapo weka simu mfukoni, kwa kuwa hata mahali pa wazi hukosea kwa mita 5 hivi, na chini ya miti minene au kando ya ukuta wa mwamba hukosea zaidi. Simama kimya ujiulize: ningekuwa mimi, ningeficha wapi? Tafuta kitu ambacho maumbile hayakukipanga. Mawe yaliyoanguka yenyewe hulala ovyo, lakini mawe matatu bapa yaliyoegemezwa sambamba kwenye shina yamewekwa na mkono. Kipande cha gome kikavu juu ya tundu la mti mbichi nacho hakikujileta. Chungulia kabla ya kuingiza mkono, kwa sababu nyoka na nge hupenda nyufa zilezile. Kasha halifukiwi ardhini, kwa hiyo usichimbe, na usivunje tawi wala kupindua kila jiwe. Wapita njia wakitokea, subiri wapite, maana asiyeujua mchezo huu anaweza kulichukua akidhani ni taka.

Ukilipata, lifungue polepole. Kwenye mdomo wa kasha zuri kuna ukanda wa mpira unaozuia maji, na punje moja ya mchanga ikikaa juu yake inatosha kuacha upenyo; miezi miwili baadaye daftari limekuwa uji. Pangusa ukanda huo kwa kidole kabla ya kufunga. Andika jina lako la mchezo na tarehe kwa penseli, kwa kuwa karatasi yenye unyevu haishiki wino. Ukichukua kitu kati ya vidude vya kubadilishana vilivyomo, weka kingine chenye thamani sawa au zaidi, lakini kamwe usiweke chakula, kwani wanyama hunusa na kulitafuna kasha zima. Kibati chenye namba ya kufuatilia si zawadi ya kubaki nayo: ukikichukua, kipeleke kwenye kasha jingine na uandike mtandaoni ulikokiacha. Rudisha kila kitu kama ulivyokikuta, mpaka lile gome na upande wake uliotazama juu.

Lisipoonekana ndani ya dakika 20, endelea na safari. Kutolipata kunaandikwa vilevile kama kulipata, na mwenye kasha hulitegemea neno hilo ili ajue kama inampasa aende kulikagua.

Jioni, kagua nguo na miguu kuona kama kuna kupe, kisha uandike taarifa zako siku hiyohiyo, kabla kasha la pili na la nne hayajachanganyika kichwani. Mtajie mwenye kasha hali uliyolikuta nayo: kifuniko kimepasuka, daftari limejaa, mti ulioanguka umeziba kijia. Hilo la mti liarifu pia ofisi ya hifadhi.