Pima Jiko kwa Siku ya Mavuno, Stoo kwa Magunia

Ramani nyingi za nyumba za shamba ninazoletewa zimechorwa na mtu aliyezoea maisha ya mjini. Sebule imepewa nafasi ya kuchezea mpira, jiko limebanwa kwenye kona iliyobaki, na stoo haipo kabisa. Mwenye nyumba ukimuuliza magunia yatakaa wapi, anajibu, "Tutaona huko mbele, fundi." Huko mbele nakujua. Magunia huhamia chumba cha watoto, na panya huyafuata.

Mjini duka liko jirani, kwa hiyo jiko ni mahali pa kupikia, basi. Shambani jiko ndiko mavuno yanakomalizikia: huko yanapepetwa, yanachambuliwa, yanaoshwa, yanafungwa, na chakula cha miezi mingi kinalala palepale. Mtu akinijia kabla ya kuchimba msingi namuuliza maswali mawili. Siku yenye kazi nyingi kuliko zote kwa mwaka, jikoni wanakuwa watu wangapi, na wanafanya nini? Na kutoka mavuno haya hadi yajayo, mtakula magunia mangapi? Jibu la kwanza linanipa ukubwa wa jiko, la pili ukubwa wa stoo. Idadi ya vyumba vya kulala haisaidii sana hapo.

Chora chini kwanza

Kabla hujanunua hata tofali moja, chora jiko chini kwa ukubwa wake halisi. Piga vigingi vinne, funga kamba, kisha mwaga majivu kuonyesha mlango, kaunta na mahali pa moto. Ndoo iwe sinki, sanduku lililopinduliwa liwe meza. Halafu mwite anayepika, si anayelipa (mara nyingi ni watu wawili, na msemaji huwa ni huyo wa pili), ajifanye anaandaa chakula cha siku ya mavuno: mmoja yuko motoni, mwingine anakatakata, wa tatu anapita katikati na maji ya moto.

Kuna familia moja niliwachorea hivyo, na baba mwenye nyumba akasimama pembeni akirudia kwamba jiko ni kubwa mno. Mkewe hakubishana naye. Alijaza ndoo hadi juu, akamkabidhi, akawasimamisha binti zake wawili pande zote za majivu, akasema, "Haya baba, hebu pita." Alipita kwa ubavu, maji yakammwagikia viatuni. Kamba ilisogezwa nusu mita siku hiyohiyo.

Kwa vipimo: watu wawili wanaofanya kazi wakipeana mgongo wanahitaji kama mita 1.2 kati ya kaunta na kaunta; mita moja inamtosha mtu mmoja. Kimo cha kaunta mafundi wengi huweka sentimita 90 bila kuuliza. Mimi humsimamisha mpishi, akunje kiwiko, nami nashuka sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chake. Pa kukandia unga pashuke zaidi, maana pale mtu anakandamiza kwa uzito wa mwili.

Kisha acha sakafu tupu. Kupukuchua, kupepeta na kuchambua gunia zima la mboga ni kazi za kukaa chini, na hakuna kaunta inayoziba pengo la mita mbili kwa mbili za sakafu tupu karibu na mlango wa nje. Wachora ramani huiona hiyo ni nafasi iliyopotea, na wataijaza kabati usipowazuia. Sehemu ya kuoshea vitu vyenye udongo iweke nje, chini ya upenu, hatua chache kutoka mlango huo.

Moshi ni suala lake peke yake. Jiko pana lisilo na dohani, yaani bomba la kutolea moshi, lina moshi vilevile, ila umetawanyika zaidi. Kama unatumia kuni, dohani ipande hadi ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka pale ilipo, hasa kilele cha paa. Ikiwa fupi, upepo unaurudisha moshi ndani. Inapokatiza paa, mbao zisiiguse.

Hesabu ya stoo

Hapa ndipo watu hukadiria kwa macho, na macho hudanganya. Tuseme nyumba yako inamaliza gunia moja la kilo 50 kwa mwezi, na unavuna mara moja kwa mwaka. Hayo ni magunia 12. Gunia lililolazwa linachukua karibu mita moja kwa sentimita 60. Ukiyapanga manne manne kwenda juu, unapata safu tatu zilizosimama, zinazokalia mita 1.8 kwa mita moja. Yasiguse ukuta: acha sentimita 40 nyuma na upande mmoja, ili hewa ipite na uweze kuingiza mkono na ufagio. Mbele acha njia ya sentimita 80, halafu rafu za upana wa sentimita 30 kwenye ukuta wa pili. Jumlisha, utapata upana wa mita 2.5. Urefu wa mita 3 unakubakishia kona ya madumu ya mafuta na kreti za vitunguu. Chumba cha mita 2.5 kwa 3, basi, kwa familia hiyo. Kama unahifadhi mbegu, au wageni wako huja kukaa na si kupita, ongeza.

Mlango wake uwe na upana wa sentimita 90, usio na kizingiti kirefu, kwa sababu atakayeingia amebeba gunia begani na haoni miguu yake. Uelekee ndani ya jiko, upande ulio karibu na mlango wa nje, ili magunia yasipitishwe mbele ya moto.

Rafu zisizidi kina cha sentimita 30. Rafu yenye kina cha nusu mita inavutia macho siku ya kwanza, lakini baadaye kila kilicho nyuma husahaulika mpaka kioze.

Weka stoo upande wa baridi

Stoo isishirikiane ukuta na mahali pa moto, wala isikae upande wa magharibi unaochomwa na jua la alasiri. Bati tupu bila dari halifai: mchana linaoka chumba, usiku linapoa, na unyevu ulioko hewani unageuka chini yake kuwa matone yanayodondokea magunia. Mtu huamka akidhani paa linavuja, akapanda na lami wakati hakuna tundu.

Weka matundu ya hewa chini upande wenye kivuli, na mengine juu upande wa pili. Hewa ya moto ikipanda itoke, ya baridi iingie. Yatie vifuniko uyafunge wakati wa mvua. Yote yafungwe kwa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6, kwa sababu panya mdogo wa nyumbani anapenya mahali ambapo usingedhani hata kidole kinapita. Mwanya wa chini ya mlango uwe wa kiasi hichohicho, na sehemu ya chini ya ubao wa mlango uipige bati, maana asipopata mwanya atautafuna. Dirisha, kama ni lazima, liwe dogo: mwanga huharibu mafuta ya kula, na viazi vikiuona vinageuka kijani na kujenga sumu.

Kwenye sakafu sibishani na mteja kuhusu gharama. Tandika nailoni nzito chini ya zege, na uso wa sakafu uwe juu ya ardhi ya nje kwa angalau sentimita 15. Lipu iwe laini isiyo na nyufa, kwani fukusi hujificha humo kusubiri mavuno mapya. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu. Nayasema haya nikijua wengi wataruka nailoni wakanunua vigae.

Hata stoo nzuri namna gani haitaokoa nafaka iliyoingia mbichi. Kuna kipimo cha chumvi ambacho kila nyumba inaweza kukifanya. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka sawasawa, ongeza nafaka hadi theluthi ya chupa, utikise kwa dakika moja, kisha uiache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka ina unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Isiposhika, umeshuka chini ya hapo, lakini usiharakishe: lengo lako ni asilimia 13 au pungufu, kwa hiyo ianike siku nyingine. Nafaka yenye unyevu huota ukungu, na sumukuvu inayotokana na ukungu haiondoki kwa kupikwa. Mifuko isiyopitisha hewa inafaa sana, kwani wadudu hufa kwa kukosa oksijeni, ila inataka nafaka iliyokauka hivyohivyo, na jino moja la panya linatosha kuiharibu.

Mafuta ya taa, mbolea na dawa za wadudu havina nafasi stoo ya chakula, hata vikiwa vimefungwa vizuri, jenga kibanda. Mtungi wa gesi nao usiuweke humo, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni kwenye chumba kilichofungwa. Viazi na vitunguu vikae mbalimbali. Matunda yanayoiva yakae mbali na viazi, maana yanatoa gesi inayoviathiri.

Pesa zikipungua

Zitapungua. Punguza sebule kwanza. Kaunta za zege zinaweza kusubiri, meza ya mbao ikakaa badala yake. Kabati, vigae na rangi vilevile. Visivyosubiri ni msingi wa stoo, nailoni, dohani na ukubwa wa jiko lenyewe, kwa sababu kusukuma ukuta baadaye ni ghali kuliko kuujenga. Stoo ikishindikana kabisa mwaka huu, mwaga msingi wake pamoja na wa nyumba, uezeke turubai, uinue kuta msimu ujao.

Na ikishakamilika usikimbilie kuijaza. Zege jipya hutoa maji kwa wiki nyingi. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi pale tu, acha mlango na matundu wazi, urudie baada ya wiki mbili. Gunia la kwanza liingie siku nailoni itakapobanduka ikiwa kavu.