Kabla hujanunua maiki, angalia kwanza chumba chako

Jamani kama unatafuta maiki ya podikasti au ya vikao vya Zoom usianze na bei wala muonekano, anza na chumba unachokaa. Kuta tupu, sakafu ya vigae, feni inazunguka, kelele za nje? Chukua dainamiki, aina ya maiki isiyonasa sana sauti za mbali, achana na aina ya kondensa. Kondensa ni nzuri sana ila inanasa kila kitu, hadi kibodi ukiigusa na mwangwi wa ukutani, yenyewe inataka chumba kimya chenye mapazia na zulia, na zile za XLR (plagi ya pini tatu ya maiki za studio) zinahitaji pia umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au intafesi, yani kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta.

Hakikisha ni kadioidi, yani inasikia mbele zaidi na nyuma inapuuza, halafu feni ibaki upande wa nyuma ya maiki.

Kwa anayeanza USB inatosha kabisa, ila mimi napenda zenye USB na XLR pamoja kama Samson Q2U au Shure MV7, maana baadae ukinunua intafesi hubadilishi maiki.

Sasa umbali, hapa ndo wengi wanaharibu, mtu ana maiki nzuri kaiweka mbali huko mezani. Isogeze sentimita 10 hadi 15 toka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi P na B isipulize maiki. Na kwenye setingi za Zoom uichague mwenyewe, kompyuta inaweza kuendelea kutumia maiki yake ya ndani na wewe hujui.