Kulinganisha sumu ya chura na ya mti wa maua darasani, Lubumbashi

Gawa ubao safu mbili: chura wa dhahabu wa Colombia, Phyllobates terribilis, na Cascabela thevetia, mti wa maua ya njano unaopandwa kwenye lupango kama pambo. Anza na swali hili: sumu inatoka wapi? Hapo ndipo wanafunzi hukosea. Chura huipata kwa wadudu anaokula, kwa hiyo aliyezaliwa na kukulia mikononi mwa watu hana sumu. Mti hujitengenezea, na mbegu ni hatari mno. Zote mbili huvuruga moyo: ya chura huacha wazi njia ambazo sodiamu hupitia kuingia kwenye seli, ya mti huzuia pampu ya seli inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu.

Leteni picha tu, msilete tawi. Utomvu wake mweupe nao una sumu. Mtoto akitafuna mbegu, mkimbizeni hospitali pamoja na mbegu iliyobaki.