Jinsi ya kumuuliza MCA wako maswali kaunti ikitaka kupatia kampuni kazi yake

Mkiuliza MCA, yaani mjumbe wa wadi yenu kwa bunge la kaunti hapa Kenya, kwa baraza "mheshimiwa, ni kweli mnauza maji yetu?" atajibu nusu dakika, hakuna mtu anauza maji, watu wapige makofi, mambo yaishie hapo. Na hatakuwa amedanganya. Kaunti haihitaji kuuza kitu siku hizi, inakodisha, inapeana tenda ya kuendesha, inasaini mkataba wa miaka kadhaa, alafu kisima kinabaki kwa jina la kaunti lakini bei, funguo na pesa viko kwa mtu mwingine. So kama uko Marsabit, Isiolo, Wajir, Mandera, Garissa, Samburu ama Turkana na umesikia habari za kampuni kupewa huduma ya kaunti zikizunguka, usipoteze nafasi yako kwa swali la ndio ama la. Uliza mkataba.

Kwanza hakikisha huduma yenyewe ni ya kaunti. Ratiba ya Nne ya Katiba imegawa hizi kazi: maji, hospitali za kaunti, masoko ya mifugo, vichinjio na kuzoa taka ziko kwa kaunti, kwa hivyo MCA anapaswa kuzijibia. Ukimuuliza mambo ya mashirika makubwa ya serikali kuu atakwambia kamuulize mbunge, na atakuwa na haki, na maikrofoni imeshaenda kwa mwingine.

Sasa maswali yenyewe. Nitatumia kisima kwa sababu huko kwetu ndio uhai, na ile kiangazi ya mvua tano kukosa kati ya 2020 na 2023 hakuna mtu ameisahau. Usiulize "bei itakuwa ngapi" peke yake, utapewa bei ya mtungi wa lita 20 na itaonekana nzuri. Uliza ngamia analipiwa ngapi, ng'ombe ngapi, mbuzi ngapi, na hiyo bei inabadilika kiangazi ama inakaa vile vile. Uliza nani ana ruhusa ya kuipandisha, kampuni yenyewe, kaunti, ama lazima irudi kwa wananchi kwanza. Uliza mtu ambaye mifugo yake yote imekufa na hana shilingi atachota maji wapi, maana Katiba kifungu cha 43 imesema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu, haijasema ni haki ya mwenye pesa.

Alafu uliza ya kuharibika. Jenereta ikikufa Februari, pampu iko chini mita mia na kitu, mifugo imejaa kwa mabirika na mingine iko njiani inakuja, nani analeta fundi na ndani ya siku ngapi? Asipofika kuna faini? Na yale maji ya bauza (lori la tangi) yatakayoletwa watu wakingoja, bili ni ya kampuni ama inarudi kwa kaunti? Hili ndio swali ningeuliza kama ningepewa moja tu. Kuendesha kisima wakati wa mvua hakuna shida, kila mtu anaweza. Shida ni kiangazi, na kama mkataba umenyamaza kuhusu kiangazi basi hasara ni ya mfugaji.

Uliza pia kaunti italipa nini hata huduma isipofanya kazi. Hapa kuna mfano ambao kila mtu anafaa kuujua. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodisha mashine za hospitali, hospitali mbili kila kaunti, na kaunti zikawa zinakatwa pesa kila mwaka, mwanzo milioni 95 baadaye ikafika milioni 200. Magavana walilalamika hawakuwa wameonyeshwa mikataba. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo, wakati huo seneta wa Isiolo, ilichunguza na kutoa ripoti 2020, na ikaonekana kuna mashine zilikaa tu bila kutumika, mahali pengine hakuna mtaalamu, pengine hakuna stima ya kutosha ama maji. Pesa ilikuwa inakatwa tu. Kwa hivyo ukisikia "kukodisha" muulize mheshimiwa: mashine ikilala, malipo yanalala?

Mwisho wa mkataba nao usisahau. Miaka ikiisha, sola, matangi na mabomba vinabaki vya nani? Na kampuni ikishindwa mwaka wa pili kaunti inaweza kuitoa bila kulipa fidia?

Majibu ya kukwepa utayapata, jitayarishe. Akisema italeta ajira, muulize wale walinzi na waendesha pampu walioko saa hii wanaenda wapi. Akisema ni siri ya biashara, mwambie bei anayolipa mwananchi haiwezi kuwa siri. Akisema kaunti haina pesa, hapo msikilize vizuri, kwa sababu mara nyingi ni ukweli, kuna visima vimesimama kwa kukosa dizeli tu. Lakini endelea kuuliza: sasa hiyo kampuni itatoa pesa wapi? Ni mbili tu, ama kwa mtungi wetu ama kwa hiyo hiyo kaunti isiyo na pesa. Mwache achague moja mbele ya watu.

Jibu la baraza peke yake halitoshi, linapeperuka. Mwombe MCA adai taarifa rasmi kwa bunge la kaunti kutoka kwa kamati inayohusika, maana ikisomwa hapo inaingia kwa hansadi, ile rekodi rasmi ya bunge, na haiwezi kukanwa. Akikataa, wananchi wenyewe mnaweza kupeleka ombi kwa karani wa bunge la kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inaruhusu. Na kikao cha kushirikisha umma kikiitishwa nendeni, msiseme ni maonyesho tu, 2024 Mahakama Kuu ilitupa sheria nzima ya ubinafsishaji ya 2023, na sababu moja kubwa ilikuwa umma haukushirikishwa vya kutosha. Kikao kikiitwa wakati vijana wote wako fora, kambi za mbali za malisho, na mifugo, andikeni barua muombe tarehe ingine na mbaki na nakala. Na akina mama waongee mapema, wao ndio wanapanga foleni kwa kisima na wanajua hata siku gani pampu ilizimwa.

Mkataba wenyewe uombe kwa barua kwa sheria ya kupata habari ya 2016. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, na mzee asiyejua kuandika akienda mwenyewe afisa anapaswa kumwandikia na kumpa nakala. Kutuma ombi ni bure. Wana siku 21 za kujibu, na kama ni jambo la uhai wa mtu ni saa 48, kwa hivyo kama maji yamekatwa na watu wana kiu liandike hilo kwa mstari wa kwanza kabisa wa barua. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, pamoja na ile nakala iliyopigwa muhuri siku uliyoipeleka, so usitoke kwa hiyo ofisi kabla hujapigiwa muhuri.