Somo: Baga ya mbaazi na korosho isiyomeguka kikaangoni

Habari za jioni, wapendwa. Niseme mapema kwamba baga hii haijifanyi nyama. Anayetaka ladha ya ng'ombe, bucha lipo. Hii ni mbaazi, na sisi watu wa Mtwara na Lindi mbaazi tunazijua. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, magunia yalilala ndani, tukazila kwa nazi mpaka watoto wakanuna. Ndipo nilipoanza kuzikaanga.

Baga nane zinahitaji: mbaazi kavu kikombe kimoja na nusu, korosho zilizokaangwa nusu kikombe (nunua vipande, bei yake ni nafuu na hapa tunaziponda tu), kitunguu maji kimoja, saumu punje tatu, binzari nyembamba kijiko cha chai, unga wa muhogo vijiko vitatu vya chakula, chumvi na pilipili.

1. Loweka mbaazi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Usitie magadi! Yanaivisha haraka, lakini mbaazi zinakuwa uji. Epua zikibonyea kwa vidole kabla hazijapasuka.

2. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chuja, kisha zitandaze kwenye ungo zipoe na kukauka, hata saa nzima. Baga inameguka kwa sababu ya maji, na ukiyafukuza kwa kuongeza unga utakula kitu kama ugali wa jana.

3. Kaanga kitunguu na saumu mpaka viwe vya kahawia. Kitunguu kibichi nacho kina maji.

4. Twanga mbaazi kwenye kinu, ila theluthi moja ziache nzima. Korosho ziponde chenga chenga. Mashine ya kusagia inalainisha mno, mimi nimeiacha.

5. Changanya vyote, unga uwe wa mwisho. Finyanga donge dogo: likipasuka pembeni, nyunyiza maji kidogo, likinata mkononi, ongeza unga kijiko. Funika nusu saa, unga unywe unyevu.

6. Paka mafuta viganjani, tengeneza baga nene kama kidole. Mafuta kidogo, moto wa wastani, dakika nne au tano kila upande. Usiiguse mpaka upande wa chini ushike rangi.

Pasua skonzi, ipashe kikaangoni, weka baga na kachumbari. Juu yake mimi namwagia ufuta uliokaangwa, ukatwangwa na ndimu na chumvi.

MASWALI

*Shikamoo dada. Nina korosho ghafi toka shambani, naweza kuzibangua kwa kisu nikatumia?*

Marahaba, mdogo wangu. Hapana! Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, na ukipasua yanaingia kwenye kiini. Tumia zilizobanguliwa tayari.

*Je, mabibo hayafai? Msimu ukifika yanaoza tu chini ya mikorosho.*

Yanafaa. Kule kaskazini mashariki mwa Brazil wanapika makapi ya mabibo kama nyama. Kamua juisi yote, chambua nyuzi, zioshe kwa maji ya chumvi na kukamua tena mara mbili tatu ili ukakasi upungue, kisha zikaange na kitunguu. Mimi nachanganya nusu kwa nusu na mbaazi, peke yake zinatawanyika.

*Naweza kuweka yai?*

Weka, itashika vizuri. Ila mwenye kufunga asiyekula mayai usimpe bila kumwambia. Na mgeni muulize kwanza kama korosho hazimdhuru.

*Mzee wangu ameonja, kauliza nyama iko wapi.*

Wa kwangu naye aliuliza hivyo hivyo, akiwa anatafuna ya tatu. Wewe mwongezee pilipili.