Namna ya kutunga ngoma ya mvua na mtaro ulioziba, mkiwa watu sita tu

Vikundi vingi vikitaka kupiga ngoma ya mazingira vinaanza na maneno, wanaandika ushairi wa tusitupe taka halafu ngoma inafuata nyuma kama kusindikiza tu. Mimi nawaomba mgeuze, maneno muyaache kabisa, hadithi yote ipigwe. Naeleza ile ya mvua ya Dar maana ndo naijua, mto Msimbazi ukifurika pale bondeni Jangwani hapapitiki, na waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011 hawajasahau mpaka leo.

Kabla hamjagusa chombo chochote nendeni mkasikilize. Masika ikianza kaa chini ya bati, rekodi kwa simu kama dakika kumi hivi. Utagundua mvua haianzi na mdundo, inaanza na matone yaliyoachana, ta... ta-ta... kimya... ta, huwezi kuyahesabia, halafu ghafla yanaungana mpaka hamsikilizani humo ndani. Ikipungua toka ukasimame karibu na mtaro, sikia maji yanavyogugumia yakiingia kwenye karavati. Mlio huo ushike vizuri kichwani, kwa sababu mtaro unaopitisha maji unalia, ukiziba unanyamaza, na ukinyamaza ujue maji yanatafuta mlango wa mtu. Ngoma yote imekaa hapo.

Vyombo sasa. Wawili wapige bati lililoning'inizwa kwa kamba, msililaze chini sauti itakufa, na wapige kwa ncha za vidole sio kwa fimbo. Mmoja ana kayamba, kama hamna la matete chukua chupa ya maji ya nusu lita tia mchele kiganja kimoja, ukijaza haichezi. Mmoja ana msondo, ile ngoma ndefu, ngozi aipashe moto mpaka ikaze, siku ya unyevu inalegea upesi kwa hiyo moto uwe karibu. Wawili waliobaki wana mabomba ya plastiki ya fundi bomba, ya inchi mbili, unapiga mdomo wa bomba kwa ndala. Kata sentimita 100, 75, 67 na 50. La 50 linatoa sauti ileile ya la mita moja ila juu oktavu nzima, na hayo mawili ya kati yanaingia vizuri hapo katikati bila kuhangaika na kinanda.

Anzeni na vidole kwenye bati, dakika nzima, hakuna kuhesabu. Hapa ndo pagumu kuliko kote, mpiga ngoma mkono unamwasha anataka kuingia, mzuieni. Kayamba ifuate taratibu, kisha msondo, kisha mabomba, na mabomba yapige tatu pale msondo unapopiga mbili, aliyewahi kuufuata mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo inayopigwa ikitembea, mtaani hilo hahitaji kufundishwa, mwili wake unalijua. Maji yanatembea. Kaeni hapo mpaka watazamaji waanze kutikisa vichwa.

Halafu wa kayamba anaiweka chini, anachukua kiroba cha taka, anaanza kusokomeza kwenye bomba moja baada ya jingine huku wenzie wanaendelea kupiga. Sauti inatoka bum, bum, bu, pu. Taka ziwe zimeokotwa mtaroni kweli, mkazioshe, mvae glavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 lakini chupa na pakti bado zimo mitaroni tele. Sisi mara ya kwanza tulitumia chupa safi za dukani na watu walitazama tu, tulipoleta za mtaroni mama mmoja aliiona pakti ya biskuti wanayokula wanawe, akashika mdomo.

Anza kuziba bomba fupi, malizia na refu. Kila moja likifa wa mabati waongeze, sasa viganja vizima, na msondo upande spido, kwa sababu mvua haijui kama mtaro umeziba. Bomba la nne likifa nyamazeni wote kwa pamoja, ghafla, ila yule wa bomba la mita moja aendelee peke yake, pu, pu, pu, kwa mwendo uleule wa mwanzo, asiharakishe, apige mpaka ndala imchoke mkononi.