Kufufua bwawa la samaki lililobomolewa na mvua

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024, bwawa la marehemu baba hapa Kilwa lilikuwa na miaka minne bila mtu wa kuliangalia. Maji yalipanda juu ya tuta yakalikata upande wa bondeni, na mkorosho uliojiotea kingoni ukaangukia ndani.

Kwanza subiri kiangazi, utoe maji yote. Vaa mabuti, maana maji yaliyotuama hukaa konokono wa kichocho. Mti ukate vipande, kisha chimbua mizizi yote hata kama tuta litazidi kuvunjika. Mzizi ukiozea ndani huacha tundu, na maji hupita humo humo.

Sasa tuta, na hapa usiwe na haraka. Mara ya kwanza nilimwaga udongo mpya juu ya tope. Wiki ya pili ukavuja. Palipokatika paparue mpaka ukutane na udongo mgumu, pachonge ngazi ngazi, na chini uchimbe mtaro wa kina cha goti, ili udongo mpya ung'ate ule wa zamani. Loanisha udongo kidogo, finyanga tonge, lirushe juu ulidake. Likisambaratika, una mchanga mwingi. Tafuta wa mfinyanzi. Weka tabaka la sentimita 15, shindilia kwa gogo mpaka kisigino kisizame, ndipo uongeze jingine. Juu panda ukoka, miti hapana.

Baba hakuweka utoro wa maji, yaani mfereji wa kutolea maji yanayozidi, na ndiyo sababu tuta lilikatika. Uchimbe pembeni, kwenye ardhi ambayo haijatifuliwa, uwe mpana, na sakafu yake iwe chini ya kilele cha tuta kwa sentimita 30 hivi.

Tope jeusi nililipeleka kwenye migomba. Acha sakafu ikauke mpaka ipasuke nyufa, nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita za mraba 100, na baada ya wiki mbili jaza maji. Ning'iniza viroba vya samadi majini. Maji yakigeuka kijani, zamisha mkono mpaka kiwiko: kiganja kikiwa bado kinaonekana wazi, ukijani huo, ambao ndio chakula cha samaki, haujatosha. Kiganja changu kilipopotea ndipo nikaleta vifaranga vya perege, wawili kwa kila mita ya mraba, nikauelesha mfuko wao majini robo saa kabla ya kuufungua.